Sapoti, Sapoti, Mpaka Lini?

Vijana wenzangu wa kalamu, safari hii sina hadithi wala shairi. Nina ugomvi. Nagombana na neno moja linalozurura mjini Ifakara kama bajaji isiyo na kituo, linapakia kila abiria na kumshusha popote. Neno lenyewe ni sapoti.

Msanii wa Viwanja Sitini anaomba sapoti. Mgombea udiwani anashukuru kwa sapoti. Mfadhili katoa sapoti. Mama lishe wa pale stendi naye anataka tumsapoti, maana yake tule kwake na tulipe taslimu. Mshikaji akifiwa tunamwambia, "Usijali mwanangu, tutakusapoti," halafu siku ya msiba haonekani hata mtu wa kubeba benchi. Neno limekuwa gunia. Unatia mpunga, unatia pumba, unatia na mawe, na mzani unasoma kilo tu.

Nisije nikapakiwa lori moja na wale wanaotaka kila neno la kigeni lirudishwe kwao. Shule tumeipata kwa Wajerumani, meza kwa Wareno, kitabu kwa Waarabu, na hakuna aliyekufa. Jeki tuliichukua gereji, tukaitoa chini ya gari na kuipeleka mtaani, na leo ukisema fulani kampiga mwenzake jeki kila mtu anaona aliyekwama akiinuliwa. Huko ni kukopa kwa faida: neno limekuja na kazi yake, likapewa kiti. Sapoti haikuja hivyo. Imekuja ikawafukuza wenye nyumba kumi na kulala kitanda chao.

Nikisema haya kijiweni, jibu ninalopata ni moja: "Kiingereza ni lugha tajiri bwana, ndiyo maana tunachota huko." Haya, tuchote basi! Mbona mmeingia ghalani kwa Mwingereza mkatoka na punje moja? Yeye mwenyewe hatembei na "support" peke yake. Ana "back", ana "second", ana "endorse", ana "advocate", ana "champion", ana "uphold", ana "sponsor", na mwandishi wake akikosea kuchagua, mhariri anamrudishia karatasi.

Tuyafungue machache tuone ndani mna nini. "Support" asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kubeba kutoka chini. Kwetu hiyo ni kuhimili. Nguzo za Daraja la Magufuli, lile la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018 likatuondolea adha ya kivuko, haziungi mkono barabara ya kwenda Mahenge na Malinyi. Zinaihimili. Zikichoka, tunazama. "Endorse" nalo linatokana na neno la Kilatini la mgongo: ni kuandika nyuma ya hati, kama mtu anavyosaini nyuma ya hundi ili ipite. Hapo pana jina na pana wajibu. Kwetu ni kuidhinisha, au kutia sahihi. "Second" ni kumfuata aliyetangulia kusema, ili hoja yake ipate kujadiliwa. Na hilo tunalo zamani, limekaa kwenye taarifa rasmi za Bunge letu: waziri akishatoa hoja, mwenziwe husimama na kusema, "Naafiki." Hakusema hoja ni nzuri. Kasema ina haki ya kusikilizwa.

Endelea. "Advocate" ni anayeitwa aje akusemee. Kwetu ni kutetea, na mtetezi hutoa jasho la ulimi. "Champion" ni mtu wa uwanja wa mapambano. Kwetu ni kupigania, na huko mtu huweza kurudi na jeraha. "Sponsor" linatokana na kuahidi kwa kiapo. Kwetu ni kudhamini, na dhamana ina tarehe ya kuisha. Ndiyo maana shabiki wa Simba au Yanga pale Kibaoni si mdhamini wa timu. Shabiki hubaki hata timu ikifungwa tano bila, ananuna wiki nzima na Jumapili amevaa jezi ileile. Mdhamini mkataba ukimalizika anakunja bango lake anaondoka, na hajamkosea mtu. Huyu anashabikia, yule anadhamini. Wote wawili ukiwaita "wanaosapoti", umemnyima mmoja mapenzi yake na mwingine hesabu yake.

Sasa tazameni tulivyo matajiri bila kwenda London. Tuna kuunga mkono, kuafiki, kuridhia, kuidhinisha, kutetea, kupigania, kuhimili, kufadhili, kudhamini, kushabikia, kushangilia, kutia moyo, kukingia kifua, kupigia debe. Hilo la mwisho limezaliwa stendi, kwa vijana waliogonga mabati kuita abiria, na lina ukweli wake mchungu: mpiga debe husifia basi ambalo yeye mwenyewe hasafiri nalo. Nani aliyewahi kupata kitenzi kizuri kuliko hicho cha kumweleza msemaji wa mgombea?

Labda mtaniuliza, "Ndugu yetu, haya ni mambo ya walimu wa lugha, sisi waandishi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu, tena kwetu bondeni yanahusu ardhi.

Nimewahi kushika kalamu ya muhtasari katika mkutano wa kijiji mmoja wa bonde hili. Kijiji sikitaji, mradi siutaji, maana tatizo si la mradi mmoja. Wageni walieleza walichotaka kufanya. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia, akasema, "Wanangu, tumewasikia." Akakaa. Mama mmoja akasema, "Sawa, ila njia yetu ya kwenda mtoni ibaki." Vijana wa nyuma wakapiga makofi kwa sababu maneno yaliisha na soda zilikuwa zinakuja. Mwenyekiti akafunga kwa kusema hakuna kipingamizi. Niliandika kama yalivyosemwa. Ripoti ya Kiingereza ilipotoka, kurasa zote zile zilikuwa zimekandamizwa zikawa sentensi moja: jamii ina-"support" mradi. Baadaye ripoti ileile ikatafsiriwa kwa Kiswahili ili turudishiwe wenyewe, na humo tukasoma kwamba wananchi "wanaunga mkono mradi kwa dhati".

Kwa dhati! Hiyo dhati ilipandia wapi gari? Mzee alisema tumesikia. Aliyekulia huku anajua kwamba mzee akisema "tumewasikia" na kukaa, hajakubali bado. Kawapa heshima ya wageni, akili yake inabaki nyumbani inatafakari. Mara nyingi ni "hapana" iliyovaa kanzu. Mama yule kakubali kwa sharti, na sharti lake ndilo lilikuwa uzito wote wa sentensi. Makofi yalikuwa ya soda. Na "hakuna kipingamizi" maana yake ni kwamba hakuna aliyepinga hadharani, basi. Watu wa aina nne, vitenzi vinne, wote wamefungiwa ndani ya "support" na kufuli likatiwa.

Mnaona sasa? Hakuna aliyesema uongo mkubwa. Mtafsiri kachagua kitenzi tu. Kachagua kinachompendeza anayemlipa.

Na msidhani sheria haijali vitenzi. Chukueni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 4, panapozungumzwa kuhawilisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya aina nyingine. Ikiwa eneo ni chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha au kukataa. Likizidi hekta 250, anayeidhinisha au kukataa ni Waziri, baada ya kuyazingatia mapendekezo ya mkutano wa kijiji. Yaani kwenye kipande kidogo wanakijiji wanaidhinisha. Kwenye kipande kikubwa wanapendekeza. Kati ya vitenzi hivyo viwili pana shamba zima, pana malisho, pana mabwawa ya kambale. Anayekuja kijijini na kusema "tunaomba tu sapoti yenu" hajawaambia watu ni kipi kati ya viwili wanachoombwa. Je, mkono wao ukiinuka utaamua, au utashauri tu? Mtu ana haki ya kujua kabla hajauinua.

Sheria hiyo iliandikwa kwanza kwa Kiingereza, kama zilivyokuwa nyingi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi. Nashangilia, lakini nashangilia kwa jicho moja. Ikiwa vijana tunaotegemewa kutafsiri na kuandika tumebaki na kitenzi kimoja cha mfukoni, Kiswahili cha sheria kitatusaidia nini? Tutakuwa tumehamisha ukungu kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Bonde letu linazidi kuhitaji macho. Tangu mpango wa SAGCOT wa kuendeleza kilimo kusini ulipozinduliwa mwaka 2010, Kilombero imo kwenye ramani za watu wengi wanaohesabu hekta. Na tangu mwaka 2002 sehemu kubwa ya tambarare hii ya mafuriko ni ardhi oevu inayotambuliwa na Mkataba wa Ramsar. Mwekezaji anakuja na ripoti, mhifadhi anakuja na ripoti, na kila ripoti ina sentensi isemayo jamii inaunga mkono. Wakati mwingine ni jamii ileile moja, imeunga mkono kulima na imeunga mkono kutolima. Wana mikono mingapi hawa watu?

Bonde hilihili lina somo upande wa pili pia. Ifakara inajulikana duniani kwa utafiti wa malaria kuliko kwa wali wake, ingawa sisi tungependa iwe vinginevyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chanjo ya SPf66, kazi ya mwanasayansi wa Kolombia, Manuel Elkin Patarroyo, ilijaribiwa kwa watoto wa Idete. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31, lakini majaribio ya baadaye ya Gambia na Thailand hayakuiona kinga hiyo, na chanjo ikawekwa kando. Nataka mtazame kitenzi. Katika utafiti wa tiba neno linalotakiwa ni ridhaa. Mzazi huridhia mtoto wake ashiriki. Kuridhia si kuipenda chanjo, wala kuipigia debe. Ni kusema: nimeelezwa, nimeelewa, nakubali kwa hiari, na nina haki ya kujitoa. Aliyeridhia akijitoa kesho hajasaliti mtu. Lakini mwandike kwamba "alisapoti", kisha ajitoe, mtamwita kigeugeu. Kumbe aliyegeuka ni kalamu yenu.

Historia ya nchi nayo imebeba mfano. Tume ya Jaji Nyalali iliundwa mwaka 1991 kukusanya maoni kuhusu vyama. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Ukiishia hapo utaandika, "Wananchi waliunga mkono mfumo wa chama kimoja," ufunge daftari ukanywe chai. Tume haikuishia hapo. Wengi miongoni mwa hao asilimia 80 walikuwa na "lakini" yao: mfumo urekebishwe. Tume ikawasikiliza wao, ikawasikiliza na wale wachache, ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikapita. Mtu anaweza kubishana na uamuzi ule mpaka leo, na vijiweni watu wanabishana. Lakini nani atakataa kwamba kusikiliza kilicho nyuma ya neno "ndiyo" kulibadilisha nchi?

Na kuunga mkono kwenyewe, neno letu lenye heshima, tumelifanyaje? Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, vijana waliliunga mkono kwa miguu. Walitembea mamia ya kilomita. Seth Benjamin, aliyekuwa akitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam, alifia njiani. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza mwezi Oktoba mwaka uleule. Ulipende Azimio usilipende, kitenzi kile kilikuwa na malengelenge. Leo fungulia redio wakati wa bajeti. Utamsikia mbunge anaichana hoja dakika kumi: barabara hakuna, dawa hakuna, maji hakuna. Kengele ikigonga anamalizia, "Naunga mkono hoja asilimia mia moja." Kaunga nini? Mkono upi? Kitenzi kimekuwa kama "wako mtiifu" mwishoni mwa barua: hakuna anayekisoma.

Basi msiniambie tatizo ni Kiingereza peke yake. Sapoti ni mtoto wa uvivu uliokuwepo. Tulikwisha kuuchosha mkono wetu wenyewe kwa kuuinua hovyo, ndipo mgeni akapata pa kukaa.

Kuna hoja moja inayopingana nami ambayo ina nguvu, na sitaikwepa. Rafiki yangu mmoja, mtunzi wa mashairi ya kufokafoka, ananiambia hivi: "Kaka, sapoti ni neno la wanyonge. Kijana asiye na pesa wala cheo, hajui atapewa nini, anaomba sapoti ili kila mtu atoe alichonacho. Ukimlazimisha aseme anataka ufadhili au udhamini, umemfungia mlango." Kasema kweli. Neno pana lina kazi yake kwa anayeomba, kwa sababu mwombaji huacha mlango wazi. Aombe hivyo, simkatazi. Lakini anayeripoti, anayeshuhudia, anayesema kwa niaba ya watu wasiokuwepo, huyo hana ruhusa ya neno pana. Mwombaji akiacha mlango wazi anaingiza neema. Shahidi akiuacha wazi anaingiza mwizi.

Na sisi waandishi ni mashahidi hata tukiandika hadithi ya kubuni. Ukiniandikia kwamba baba "alimsapoti" binti yake asome, hujaniambia kitu. Je, aliuza magunia matano ya mpunga? Alimtetea mbele ya wajomba waliotaka aolewe? Aliridhia kwa shingo upande baada ya mama kulia usiku kucha? Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kukawa ruhusa? Hapo pana baba wanne, na kila mmoja ana hadithi yake. Wewe umewaua wote kwa neno moja, halafu unalalamika kwamba wahariri wa Dar hawachapi kazi za vijana wa mikoani!

Nina maswali matatu ninayoyatumia kabla sijachagua kitenzi, nanyi mnaweza kuyachukua bure. La kwanza: huyu mtu katoa nini? Pesa, sauti, sahihi, jasho, au makofi? La pili: mambo yakiharibika, yeye atapoteza nini? Anayehimili ataanguka, aliyesaini ataitwa, aliyeshangilia atakwenda nyumbani kulala. La tatu: anaweza kujitoa, na akijitoa itakuwaje? Ukishajibu hayo, kitenzi kinakuja chenyewe, iwe unaandika Kiswahili, Kiingereza au Kindamba. Hata hao wenye Kiingereza chao, maswali yakijibiwa vizuri, hawatahitaji kubahatisha kati ya "back" na "endorse".

Kwa hiyo ninawaomba, na hapa naomba kwa jina lake: siombi sapoti. Naomba wale kati yenu wanaokaa kwenye mikutano ya vijiji, ya vyama vya ushirika, ya shule na ya misikiti na makanisa, wanaoshika kalamu kwa sababu wana mwandiko mzuri, waandike kilichotokea. Waliosikia, waandikwe wamesikia. Waliokubali kwa sharti, sharti liandikwe kwenye sentensi ileile, lisitupwe kwenye viambatisho. Walionyamaza, waandikwe wamenyamaza. Na akitokea mtu kweli kasimama, kataja jina lake, kasema yuko tayari kupoteza kitu kwa ajili ya jambo hili, basi huyo mpeni neno lake kamili. Huyo kaunga mkono.